Maji ya Mombasa, Vipimo vya Mlimani: Mwongozo wa Kupima kwa Miaka Mingi Pamoja na Washirika wa Nje

Muulize mtoto wa Changamwe maji yanatoka wapi, atakuonyesha mkokoteni wa mitungi. Muulize babake, atakwambia Mzima. Wote wamesema kweli, ila hawajamaliza. Chemchemi za Mzima zimo Tsavo Magharibi, na maji yake ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu, ikapenya kwenye mawe ya volkeno na kusafiri chini kwa chini mpaka ikachomoza. Bomba la kuyaleta mjini, zaidi ya kilomita 200, limekuwepo tangu miaka ya 1950. Maji ya Marere yanatoka Shimba Hills. Visima vya Baricho vinanyonya kando ya mto Sabaki, na Sabaki ndio huohuo Athi unaoteremka kutoka nyanda za juu, baada ya kukutana na mto Tsavo ulioanzia upande wa Kilimanjaro. Mtu amekaa Majengo, bahari iko pale, na kila anapojaza birika anakunywa milima.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema kupima mvua ya Taita au ukungu wa Chyulu ni shughuli ya watu wa bara na wazungu wao, huwa namuuliza analipa mtungi shilingi ngapi mfereji ukikauka.

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha Pwani, kiwe shule, chama cha mazingira, idara ya chuo au kamati ya maji, kinachotaka kuanza kupima mazingira ya mlimani kwa kushirikiana na watu wa nje na kisiishie njiani. Mimi si profesa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa fundi wa vifaa: napanda treni Miritini na betri mbili kwenye mkoba, nashuka Voi, nadandia matatu ya Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita. Nimeona miradi ikizaliwa kwa picha na hotuba, nami nikatumwa kuzing'oa nguzo zake. Sikuona hata mmoja uliokufa kwa kukosa wataalamu. Yote ilikufa mwaka wa tatu au wa nne, betri ilipoisha na hakuna aliyeandikwa popote kwamba ndiye atakayeinunua.

Hatua ya 1: Chagueni swali moja litakalodumu

Shirika la Hali ya Hewa Duniani huhesabu wastani wa hali ya hewa kwa miaka 30. Wastani unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Mlimani, ambako mvua ya mwaka huu yaweza kuwa maradufu ya mwaka jana, miaka mitano haikuambii kitu. Chagueni swali ambalo mtu atakayekuja baada yenu bado atataka jibu lake.

Hapa pana mtego. Wageni wengi, na wafadhili wao, wanavutwa na barafu. Si ajabu, maana habari yake inatisha: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Mlima Kenya nao una barafu ya Lewis, iliyochorwa ramani nzuri mwaka 1934 na kupimwa tena na tena. Kufikia 2010 ilikuwa imepoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Vipimo hivyo ni hazina, na vimepatikana kwa sababu watu wa nchi mbalimbali walipokezana kazi kwa zaidi ya miaka 70. Lakini barafu ya Kilimanjaro inachangia kidogo mno katika mito. Kinachojaza mito ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Kwa hivyo swali la mtu wa Mombasa haliko kileleni. Liko kwenye mkanda wa msitu: mvua ya masika na ya vuli inabadilikaje, joto linapanda kwa kasi gani, chemchemi inatoa lita ngapi kwa sekunde mwezi wa Februari jua likiwa kali?

Swali la chemchemi ndilo ningelichagua mimi. Mnahitaji ndoo, saa na mtu mmoja mwaminifu.

Hatua ya 2: Tafuteni waliotangulia

Msianze kana kwamba mlima haujawahi kuguswa. Chuo Kikuu cha Helsinki cha Finland kina kituo cha utafiti Wundanyi. Katika msitu wa Ngangao, wenye ukubwa wa kama hekta 120 tu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikuwa wakivisha ndege pete tangu miaka ya 1990, wakifuatilia ndege wasiopatikana popote duniani ila Taita. Mlima Kenya, mita 3,678 juu, pana kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa 1999. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inakiendesha kwa msaada wa kitaalamu wa Uswisi, nacho ni sehemu ya mtandao wa dunia nzima. Mradi wa TAHMO umeweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika shule nyingi za Afrika, kwa mapatano kwamba shule italinda kifaa na kutumia vipimo vyake darasani.

Kwa upande wa nje, anzeni na Mountain Research Initiative, yenye ofisi Bern. Mtandao wa GEO Mountains inaoshirikiana nao unaweka orodha ya vituo vya kupima milimani kote duniani. Tazameni ramani yao, muone milima yenu ina nukta ngapi. Nafasi tupu ndiyo hoja yenu: mtu wa Uswisi ana vituo vingi Alps, ila hawezi kulinganisha Alps na mlima wa tropiki asioupima. Nendeni kwake mkijua mna kitu anachokihitaji, msiende na bakuli.

Halafu tafuteni madaftari ya zamani. Misheni na mashamba ya katani yalikuwa na vipimamvua, na mara nyingine karatasi zake bado zimo kabatini zikiliwa na mchwa. Zipigeni picha leo, kuzichapa kutafuata.

Hatua ya 3: Mahali

Kwa ufupi: chagueni ngazi ya mwinuko, si kituo kimoja. Joto hupungua kwa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo mstari kutoka Mombasa, kupitia Voi ambayo haifiki mita 600, mpaka Wundanyi na kilele cha Vuria chenye mita 2,208, unawapa hali nne za hewa kwa safari ya siku moja. Kipimamvua kikae mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti huo. Kipimajoto kiwe kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya majani.

Taita kuna fighi, misitu ya jadi yenye miiko yake. Waulizeni wazee kabla ya kuchimba shimo. Si adabu tu: kifaa ambacho wazee wamekikubali hakiibiwi sola.

Hatua ya 4: Pimeni kama wanavyopima wengine

Kipimo kinapata maana ya kimataifa kikichukuliwa kwa namna ileile kila mahali. Mfano mzuri ni GLORIA, mtandao wa mimea ya vileleni ulioanza Ulaya 2001 ukiongozwa kutoka Vienna. Kila eneo lina vilele vinne vya mwinuko tofauti. Kila kilele kinawekewa viraba vya mita moja kwa mita moja katika pande nne za dira, na mimea iliyomo inahesabiwa. Vinasa joto vinafukiwa sentimita 10 ardhini. Baada ya miaka 5 hadi 10 watu wanarudi palepale na kuhesabu tena. Hakuna mtambo wa ajabu hapo. Thamani yake imo katika utii: aliyeko Andes na aliyeko Caucasus wanafanya kitu kilekile, ndiyo maana wanaweza kuzungumza.

Mkisha kuchagua utaratibu, msiuboreshe. Nimewahi kumwona kijana hodari akisogeza kipimamvua hatua kumi kwa sababu pale pengine palipendeza zaidi. Aliikata miaka sita vipande viwili asijue.

Na vifaa vijaribiwe. Vipimamvua vingi vya kisasa vina kikombe kidogo chenye sehemu mbili, kinachopinduka kila kinapojaa. Kila pindu ni milimita 0.2. Ikiwa mdomo wa kipimamvua una upana wa sentimita 16, eneo lake ni kama sentimita 200 za mraba, kwa hivyo pindu moja ni mililita 4 za maji. Chukua chupa ya nusu lita, itoboe kwa pini, iache idondoke taratibu kwa muda wa saa nzima. Kinasa data kinapaswa kuhesabu pindu 125. Ukipata 123, andika na uende zako. Ukipata 105, una uchafu au kikombe kimelegea, na mvua yenu yote ya miezi iliyopita ina walakini. Jaribio hili nalifanya mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na halijawahi kunigharimu zaidi ya chupa ya soda.

Mara moja nilikuta kituo kinaripoti ukame katikati ya Aprili huku matope yamenifika magotini. Nikafungua. Nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo ndani ya shingo ya faneli, safi kama kibuyu. Maji yalikuwa yamesimama juu yake mpaka ukingoni. Kule nje, mtu wa kompyuta alikuwa ameshaandika barua pepe akiuliza kama kuna ukame mpya unaojitokeza.

Hatua ya 5: Saa, sifuri na matanga

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo ushirikiano unapoharibika kimyakimya.

Msomaji wetu mmoja wa kipimamvua, mama wa makamo wa huko juu, aliandika kwenye daftari: "saa 3, mm 14." Sisi sote tunajua ni saa tatu asubuhi, wakati wa kawaida wa kusoma mvua Kenya. Kwa saa ya kizungu ni 9:00. Kwa saa ya dunia, inayotumiwa na kompyuta za washirika, ni 06:00. Mwanafunzi aliyeingiza data Ulaya akaona 3, akaandika 03:00. Nambari tatu kwa dakika moja, na hakuna aliyekosea kwa lugha yake. Ilituchukua wiki kadhaa kupekua madaftari.

Dawa yake ni hii. Daftari libaki na saa ya msomaji, tena kwa maneno: saa tatu asubuhi. Msimlazimishe mtu kufikiri kwa saa ya kigeni mvua ikimpiga. Anayeingiza kwenye kompyuta ndiye ageuze, na safu ya pili ionyeshe saa ya dunia. Kanuni ya kugeuza iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na wa faili.

Kuna na suala la siku. Mvua iliyosomwa Jumanne saa tatu asubuhi nyingi yake ilinyesha Jumatatu. Kubalianeni mapema inaandikwa siku gani, la sivyo mtailinganisha na setilaiti mkajikuta mmepishana siku moja daima.

Jambo kubwa zaidi ni sifuri. Nilimkuta yule mama ameandika sifuri siku tatu mfululizo, nami najua zile siku mvua ilishuka mpaka Voi.

"Mama, hizi sifuri ni za kweli?"

"Aa, mwanangu, hatukuwepo. Tulikuwa na matanga kwa shemeji."

"Basi kwa nini umeandika sifuri?"

"Yule kijana alisema tusiache mahali patupu."

Yule kijana alikuwa mimi. Tukarekebisha pamoja: sifuri maana yake nimetazama na hakuna mvua. Mstari maana yake sikutazama. Na kando aandike sababu, matanga, ugonjwa, mto umefurika. Akirudi akakuta maji ya siku tatu yamekusanyika, ayapime, aandike jumla na neno "jumla ya siku 3", asiyagawe. Siku moja iliyokosekana na kuandikwa kuwa imekosekana haimdhuru mtu. Sifuri ya uongo inaingia kwenye wastani na kukaa humo milele.

Hatua ya 6: Vibali na bandari

Mtafiti wa kigeni anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ili aipate sharti awe ameshikamana na taasisi ya Kenya. Taasisi hiyo iwe yenye watu watakaopanda mlima, si jina tu kwenye barua. Pwani tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Ndani ya hifadhi kama Chyulu mnapitia KWS, shirika la wanyamapori. Msitu wa serikali, Shirika la Huduma za Misitu na chama cha jamii cha msitu huo. Sampuli za mimea au wadudu haziendi nje bila kibali chake, na vifaa vinavyorusha mawimbi ya redio viulizieni kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuhusu bandari, sisi tulio hapa hatuna kisingizio. Kifurushi chetu cha vihisi kiliwahi kukaa Kilindini mpaka ada ya ghala ikakaribia bei ya vihisi vyenyewe, kwa sababu mshirika alikituma kwanza ndipo akauliza habari za msamaha wa ushuru. Ombi la msamaha hutangulia meli. Tafuteni wakala wa forodha kabla kitu hakijafungwa. Betri za lithiamu nazo huhesabiwa mizigo hatari kwenye ndege, kwa hivyo kinasa data kichagueni kinachokubali betri za kawaida mnazozipata Voi.

Hatua ya 7: Mkataba, na jembe la mgeni

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkataba ndio siku ya tatu. Uandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mshirika, kurasa chache, na ujibu maswali yanayoonea watu haya.

Nani ananunua betri mwaka wa nne? Kwa kila shilingi ya kununua kifaa, dai shilingi nyingine ya kukitunza, iwekwe kando tangu mwanzo. Nani anamlipa msomaji, na anapougua nani anashika nafasi yake? Data inakaa wapi? Jibu langu: nakala kamili hapa, nakala kamili kule, siku hiyohiyo. Si kuomba kwa barua pepe data ya mlima wako mwenyewe. Itawekwa wazi kwa wote lini? Miezi sita hadi mwaka mmoja inatosha mtu kuandika makala yake. Mahali hasa pa mimea na ndege adimu pafichwe, maana wawindaji na wachimbaji nao wanasoma. Majina ya wasomaji wa vipimo yatajwe kwenye makala, si "wenyeji waliotusaidia".

Mkiambiwa mambo ya fedha ni madogo, wakumbusheni Mauna Loa. Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima ule wa Hawaii mwaka 1958, ikiwa kama sehemu 315 kwa milioni. Siku hizi imepita 420. Ni miongoni mwa vipimo mashuhuri kuliko vyote duniani, na bado mwaka 1964 pana tundu la miezi kadhaa, kwa sababu bajeti ilikatwa. Ikiwa Marekani ilikwama kwa fedha, sisi tusione haya kuulizia betri. Na mwaka 2022 volkeno yenyewe ilipolipuka, lava ikakata barabara na umeme, upimaji ukahamishiwa kwa muda mlima jirani wa Maunakea. Kwenu pia pawe na mahali pa akiba.

Siasa zisiwatishe mno. Milima haina mpaka: Kilimanjaro uko Tanzania na maji yake tunayanywa sisi. ICIMOD, kituo cha Kathmandu kilichoanzishwa 1983, kina wanachama wanane wa Himalaya na Hindu Kush, wakiwemo India, China na Pakistan, majirani wasioelewana sana. Wanakutana kwenye mambo ya maji na barafu. Tungeweza kumwandikia mwenzetu wa Moshi bila kupitia Ulaya, na kwa lugha yetu wenyewe.

Hatua ya 8: Kubadilisha kifaa

Kifaa kipya kikija, cha zamani kisiondoke. Vikae sambamba mwaka mzima, masika na vuli zote vizione, ndipo mjue kipya kinasoma juu au chini kwa kiasi gani. Bila hivyo, miaka kumi baadaye mtu atasema hali ya hewa ilibadilika mwaka 2026, kumbe mlibadilisha kisanduku. Wafadhili hawapendi kulipia vifaa viwili mahali pamoja. Shikilieni.

Hatua ya 9: Rudisheni, na mrithishe

Kila mwaka, kabla ya masika, peleka karatasi moja mlimani: mvua ya mwaka kwa miezi, chemchemi ilivyokuwa, siku zilizokosekana na sababu zake. Isomwe kwenye baraza la chifu au shuleni. Mkulima atakusahihisha, na mara nyingi atakuwa na haki. Karatasi hiyohiyo iletwe Mombasa kwa wanaogawa maji mjini, maana wao wanapanga mgao na wewe unajua Februari chemchemi ilishuka kiasi gani.

Kisha fanyeni jaribio la kuondoka. Mwezi mmoja kwa mwaka, yule anayejua kila kitu asishike chochote: asipokee simu, asipande mlima. Msaidizi apakue data, asafishe faneli, ageuze saa, atume nakala. Atakapokwama ndipo pana maneno yaliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja. Yaandikwe kwenye daftari la kituo siku hiyohiyo.

Mwaka wa kwanza nilipojaribu, msaidizi alikwama mlangoni. Ufunguo wa uzio ulikuwa mfukoni mwangu, Kisauni. Siku hizi upo wa pili, umetundikwa jikoni kwa yule mama wa daftari, kando ya chujio la chai.